Mtoto kazaliwa ndani ya ndoa na wewe unasema sio wako: jinsi ya kulipeleka kisheria ukiwa Tanga

Kabla hujamfukuza mtu nyumbani au kumpigia shemeji yako simu saa sita usiku, jua kwanza sheria inakuonaje. Mtoto akizaliwa wakati ndoa ipo hai, sheria haianzi kwa kuuliza damu ya nani, inaanza kwa kusema baba ni mume, imetoka hiyo. Kifungu kimoja cha Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, ndo kinasema hivo, na hakisemi kwamba "inadhaniwa" au "labda", kinasema kuzaliwa ndani ya ndoa halali ni ushahidi wa mwisho kabisa kwamba mtoto ni halali wa mume, na kinaenda mbali zaidi, hata mkiachana, mtoto akizaliwa ndani ya siku 280 tangu ndoa ivunjwe na mama hajaolewa na mwingine, bado anahesabiwa wako.

Mlango uliobaki ni mmoja tu kwenye kifungu hicho. Uonyeshe kwamba wewe na mkeo hamkuwa na nafasi ya kukutana wakati wowote ambao mimba hiyo ingeweza kutungwa. Soma tena hapo, nafasi ya kukutana. Sio kwamba mlikuwa mmenuniana, sio kwamba alikuwa analala chumba cha watoto, sio kwamba ulikuwa unarudi umechoka huna habari nae. Kama mlikuwa mnalala Makorora nyumba moja na mlango mmoja, hakimu atakwambia nafasi ilikuwepo, mlichofanya na msichofanya humo ndani nani alikuwa shahidi? Ndo maana watu wanaenda na hasira zao na jina la mgoni wao mkononi na wanarudi wamenywea, kwasababu walijiandaa kuthibitisha kwamba mke alikuwa na mwanaume mwingine, na hilo peke yake halisaidii. Mke anaweza kuwa na mwanaume mwingine na mtoto akawa wako vilevile.

Kwahiyo kazi yako ya kwanza ni kalenda.

Chukua tarehe ya kuzaliwa, rudi nyuma. Kliniki wao wanahesabu mimba kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ndo inakuja wiki 40 au siku 280, lakini mimba yenyewe inatungwa kama wiki mbili baadae, kwahiyo kutoka kutungwa mpaka kuzaliwa ni kama siku 266, na inaweza kupungua au kuzidi kidogo. Tuseme jamaa kaondoka Tanga tarehe 10 Februari kaenda Oman kwa mkataba, na mtoto kazaliwa tarehe 5 Novemba mwaka huohuo. Hapo ni siku 268, ndugu yangu huyo mtoto kalenda inasema ni wako tena bila wasiwasi, kaa kimya ununue sabuni na nepi. Lakini kama kazaliwa tarehe 20 Desemba, hapo ni siku 313, ukirudi nyuma siku 266 unaangukia mwisho wa mwezi wa tatu wakati wewe ulikuwa Muscat mwezi na nusu tayari. Hapo una kesi.

Na kuna ile nyingine ya waliorudi. Umerudi tarehe 1 Mei, mtoto kazaliwa tarehe 28 Novemba, unaambiwa ni wa miezi saba. Ni siku 211, kwa hesabu ya kliniki mimba ingekuwa na wiki kama 32. Mtoto wa wiki 32 kwa kawaida ni mdogo, anakuwa na kilo moja na nusu mpaka mbili hivi, na mara nyingi anabaki hospitali kwa muda wakimwangalia anavyopumua na anavyonyonya. Sasa ukikuta kadi imeandikwa kilo 3.4 na mama katoka kesho yake, hiyo kadi inaongea kuliko jirani yeyote. Ila usikimbilie kushangilia kwa uzito peke yake, tafuta ile altrasaundi ya mwanzo kabisa, ya miezi mitatu ya kwanza, maana ndo inayokisia umri wa mimba vizuri, zile za mwishoni zinakosea zaidi.

Kadi ya kliniki anayo mama, na hilo ni tatizo lake lenyewe. Usiinyang'anye. Hospitali wana rejista zao, na mahakama ikihitaji inaweza kuamuru ziletwe. Wewe kwa upande wako kusanya vya kwako: pasipoti yenye mihuri ya kutoka na kuingia, kama ni baharia kile kitabu chako cha ubaharia kinachoandikwa tarehe ya kupanda meli na kushuka, mkataba wa kazi, barua ya mwajiri, karatasi za kulazwa kama ulikuwa umelazwa muda mrefu, na kama ulikuwa gerezani basi hati za gereza, usione aibu, huo ni ushahidi mzuri kuliko yote. Wavuvi ndo wanapata taabu hapa. Mtu anasema nilikuwa dago, yani kambi ya wavuvi, Kilwa miezi minne, sawa, nani kaandika? Mtafute nahodha, watafute wenzio mliokuwa chombo kimoja, miamala ya simu uliyokuwa unatuma matumizi kutokea huko, kampuni za simu zinatunza rekodi na mahakama inaweza kuzitaka. Na ujiulize swali kabla hakimu hajakuuliza, ndani ya hiyo miezi minne hukurudi hata siku moja? Idi je? Maana siku moja inatosha.

Hapohapo kwenye ushahidi niseme la simu ya mke. Kufungua simu ya mtu bila ruhusa yake ukapiga picha meseji ni jambo linaloweza kukugeukia, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 imekataza kuingia kwenye kifaa cha mtu bila haki. Nimeona wanaume wanakuja na picha hamsini za WhatsApp wamejaza simu, na katika hizo zinazosaidia kwenye swala la nani baba hakuna hata moja, zinasaidia kuonyesha ugoni, na ugoni ni kesi nyingine. Kama unataka kumdai fidia huyo mwanaume kwa ugoni, Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu, ila usichanganye makaratasi.

Waliotengana bila talaka

Hili ndo kubwa kwetu huku na sio la wanaume tu. Mume na mke wamegombana, mke karudi kwao Pangani au Muheza, miaka mitatu imepita hakuna talaka wala aliyefuatilia. Mke kapata mtu mwingine, kazaa nae. Yeye anajua baba ni nani, kijiji kizima kinajua baba ni nani, lakini kisheria ndoa ipo, kwahiyo mtoto anahesabiwa wa yule mume wa kwanza ambae hata hajui kama kuna mtoto. Afu siku moja yule mume anafariki, ndugu zake wanagawana mirathi, mtu anasema "na yule mtoto wa Pangani je?", hapo ndo vurugu inapoanza. Au kinyume chake, baba mwenyewe wa damu anataka kumuandikisha mwanawe anaambiwa mama ana mume.

Kutengana sio talaka, hata mkitengana miaka kumi. Ila kutengana kunakusaidia kwenye ule mlango mmoja, kwasababu mkiwa mnaishi wilaya mbili tofauti na hamjaonana, hiyo ndo kukosa nafasi ya kukutana, na kuna mashahidi wengi. Barua ya mwenyekiti wa kijiji alipokuwa anaishi mke, na ya mtaa alipokuwa mume, zinasaidia. Zinasaidia zaidi kama zimeandikwa na mtu atakaekubali kuja kusimama mahakamani.

Na akina dada mnaosoma, njia ya mahakama sio ya mume peke yake. Sheria ya Mtoto ya 2009 kifungu cha 34 imetaja wanaoweza kuomba mahakama itamke mzazi wa mtoto ni nani: mtoto mwenyewe, mzazi, mlezi, afisa ustawi wa jamii, na mtu mwingine yeyote mwenye maslahi lakini huyo wa mwisho mpaka apewe ruhusa maalum ya mahakama. Kwahiyo mama anaweza kuomba yeye. Yule baba wa damu ambae hajaandikwa popote ajiandae kuomba ruhusa hiyo ya mtu mwenye maslahi, sio kwenda kugonga nyumba ya watu akidai mwanangu nipeni. Maombi yanaweza kupelekwa hata mtoto hajazaliwa, au kabla hajatimiza miaka 18, akishapita hapo inatakiwa ruhusa maalum. Na kama baba au mama kafariki kuna miaka miwili tangu kifo. Hii miaka miwili watu wanaipoteza kwenye vikao vya arobaini na vya mwaka, ikija kustukiwa imeisha.

Unaanzia wapi

Anzia ustawi wa jamii. Ukiwa mjini ni ofisi ya Jiji la Tanga, wilaya nyingine ni halmashauri yako, Mkinga, Korogwe, Lushoto, zote zina afisa ustawi. Nenda na cheti cha ndoa, cheti cha mtoto cha kuzaliwa au lile tangazo la hospitali, kitambulisho, na kalenda yako umeiandika kwenye karatasi moja safi, sio kuielezea kwa mdomo ukiwa na hasira. Mazungumzo yenyewe yanakuwa hivi:

"Baba, mkeo anajua kama umekuja hapa?"

"Hajui, na sitaki ajue."

"Basi tutamwita. Bila yeye hatuwezi kwenda popote."

Wengi wanaishia hapo, wanatoka wanapanda bajaji wanarudi. Walitaka kitu cha siri, na hiki sio cha siri kwa mkeo, ni cha siri kwa majirani. Afisa atawaita wote wawili, atawapa ushauri nasaha, atauliza mtoto ana umri gani, anajua nini, anaishi na nani, na mkiwa tayari anaweza kuandika barua ya kuomba kipimo cha vinasaba, yani DNA. Wakati mwingine swala linaishia kwake, mke anakubali mwenyewe, au mume anaangalia kalenda vizuri akiwa ametulia anaona kumbe alikosea mwezi. Ikishindikana mnaenda mahakamani, na ripoti ya huyu afisa mahakama itaitaka, kwahiyo usimtukane.

Mahakamani ni maombi ya kutambua mzazi wa mtoto chini ya Sheria ya Mtoto, yanasikilizwa kwenye Mahakama ya Watoto. Usitafute jengo lenye bango lake, mara nyingi inakaa ndani ya majengo ya mahakama haya haya unayoyajua, na anaekaa pale ni hakimu mkazi. Unajaza maombi, unaambatanisha hati ya kiapo yenye maelezo yako na zile karatasi zako. Kanuni za mwendo wake zilitoka 2016, makarani wanazijua fomu, uliza. Usikilizaji wake ni wa faragha, watu hawajazani kusikiliza na jina la mtoto halitakiwi kutangazwa. Lugha isikutishe, tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndo lugha ya mahakama. Kama huna hela ya wakili kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na wasaidizi wa kisheria wapo mpaka kwenye kata, muulize mtendaji wako au huyohuyo afisa ustawi. Hawa hawakusimamii mbele ya hakimu kama wakili ila watakuandikia vizuri na watakwambia ukweli kama huna kesi.

Mahakama itaangalia nini? Kifungu cha 35 cha hiyo Sheria ya Mtoto kimetaja: jina lililoandikwa kwenye rejista ya vizazi, sherehe ya kimila aliyoifanya baba kwa ajili ya mtoto, mzazi kukataa kupimwa, mzazi kumtambua mtoto hadharani, na majibu ya DNA, pamoja na jambo lingine ambalo mahakama itaona linafaa. Sasa jiangalie humo. Kama ulichinja akika ya siku ya saba, ukamuita jina la marehemu babako, ukaenda mwenyewe kumuandikisha, ukamposti ukaandika "mwanangu kafika", hivyo vyote vinakaa upande wa pili wa mizani. Havikuzuii kwenda lakini vinakurudisha nyuma, na kila mwaka unaopita ukiwa na shaka moyoni na huku unaitwa baba fulani mtaani, unazidi kujifunga. Mwenye shaka ya kweli, yenye kalenda, aende mapema. Mwenye shaka ya maneno ya dada zake kwamba "huyu mbona mweupe hivi" huyo akae kwanza atulie, watoto wanafanana na bibi zao.

DNA

Kwanza, usikate nywele za mtoto ukapeleka mahali. Wala usimpe mtu anaekwambia ana rafiki yake Nairobi au nje anapima kwa elfu kadhaa. Tuna Sheria ya Vinasaba vya Binadamu, namba 8 ya 2009, kipimo kinafanyika kwa utaratibu, na wanaoshughulika na sampuli ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Mtu binafsi huendi tu dirishani ukasema nipimieni, inatakiwa iombwe na wanaotambuliwa na sheria, kama mahakama, ustawi wa jamii au wakili. Majibu nayo hupewi wewe mkononi, yanarudi kwa aliyeomba. Karatasi uliyoipata kwa mlango wa nyuma hata kama inasema kweli, hakimu hana pa kuiweka, na wewe umejitengenezea kosa.

Gharama imekuwa ikitajwa laki moja kwa kila mtu, na mnaopimwa mnakuwa watatu, baba, mama na mtoto, kwahiyo jiandae na laki tatu na nauli, na uhakikishe bei kwa afisa ustawi kabla hamjaondoka maana bei zinabadilika. Muulize pia sampuli zinachukuliwa wapi. Kama ni Dar, ni basi la asubuhi kutoka stendi ya Kange, na fikiria safari hiyo inavyokuwa, mume mke na mtoto kwenye basi moja masaa mengi, wengine wanakaa siti za mbali mmoja mbele mmoja nyuma na mtoto anatembea katikati anampelekea huyu maji anamrudishia yule karanga. Mimi nashauri apatikane mtu mzima wa tatu, mama mkubwa au mjomba, asafiri nae mtoto.

Kipimo chenyewe hakiumi. Ni kijiti chenye pamba wanapangusa ndani ya shavu, pande zote mbili, kinawekwa kwenye bahasha, kinaandikwa jina mbele yenu na mnasaini. Hakikisha unaangalia kile kinachoandikwa ni sahihi. Mtoto amepata nusu ya vinasaba vyake kwa mama na nusu kwa baba, kwahiyo mama akipimwa wanaondoa ile nusu yake na inayobaki lazima ionekane kwa baba. Isipoonekana sehemu nyingi basi sio baba. Ikikosa sehemu moja tu wataalamu hawasemi hapohapo kwamba sio, maana vinasaba vinaweza kubadilika kidogo. Cha muhimu ambacho watu wanaona aibu kusema: kama anaeshukiwa ni kaka yako au mdogo wako wa damu, waambie mapema. Ndugu wanafanana vinasaba, maabara ikijua itapima sehemu nyingi zaidi. Mapacha wa kufanana kabisa ndo hapo kipimo cha kawaida hakiwatenganishi. Na kama kuna mtu kati yenu aliwekewa damu karibuni au alipandikizwa uboho, mseme pia.

Mke akikataa kupimwa? Au mume? Mahakama ina uwezo wa kuamuru, kifungu cha 36, na kama ulivyoona hapo juu kukataa kwenyewe ni ushahidi.

Sasa kuna kitu kinawachanganya hata wasomi, majibu ya DNA yakisema sio baba na huku mlikuwa mnalala nyumba moja, ipi inashinda, ile ya kuzaliwa ndani ya ndoa na nafasi ya kukutana, au kijiti cha pamba? Sheria ya Ushahidi ni ya 1967, wakati huo hakuna aliyekuwa anajua habari za vinasaba, na Sheria ya Mtoto ya 2009 imekuja kuikubali DNA waziwazi. Ushauri wangu usiende na mguu mmoja. Hata kama una majibu ya maabara, peleka na kalenda, na hata kama una kalenda safi, omba na kipimo. Anaeenda na vyote viwili hampi hakimu kazi ya kuchagua.

Na shehe je?

Tanga hii huwezi kuliongelea jambo hili bila kufika kwa shehe, na wengi wanaanzia huko, sio vibaya. Watakukumbusha hadithi ya Mtume (SAW) kwamba mtoto ni wa kitanda, yani wa mwenye ndoa, na ukiangalia vizuri ndo maneno yaleyale ya Sheria ya Ushahidi. Fiqhi, yani elimu ya sheria za Kiislamu, imeweka muda mdogo wa mimba kuwa miezi sita, kwahiyo mke akijifungua miezi sita na kitu tangu muingiliane, hapo hamna la kusema. Na njia ya mume kumkana mtoto ni liani, ile ya Sura ya 24, An-Nur, aya ya 6 mpaka ya 9, mume anaapa mara nne kwamba anasema kweli na ya tano anajiombea laana ya Mwenyezi Mungu kama anasema uongo, na mke nae anaapa kujitetea. Baada ya hapo ndoa imekwisha, hamrudiani tena, na mtoto anakuwa na nasaba ya mama yake na anarithiana nae. Sisi wa madhehebu ya Shafi tunafundishwa pia kwamba mume akijua anatakiwa akane mara moja, akinyamaza bila udhuru huku anapokea hongera, haki yake ya kumkana imekwenda. Usilichukulie kirahisi, kumsingizia mke zinaa bila mashahidi aya ya 4 ya sura hiyohiyo imeliweka pazito.

Ila sikiliza, Bara hapa kadhi hana nguvu ya serikali kama ilivyo Zanzibar. Karatasi ya kadhi wa BAKWATA inaheshimika kwenye familia, na kama mnataka talaka baraza lao ni moja ya mabaraza ya usuluhishi wa ndoa, mnapitia hapo ndo mnapewa ile fomu namba 3 ya kwenda mahakamani, lakini kufuta jina la baba kwenye rejista ya serikali haiwezi. Kwa shehe unamaliza ya kwako na Mola wako, ya cheti unamalizia kwa hakimu.

Kuna aliyeoa akakuta mke ana mimba ya mtu mwingine tayari na yeye hakuambiwa. Huyo ana njia nyingine, Sheria ya Ndoa inamruhusu kuomba ndoa ibatilishwe, lakini awe hakujua siku ya kuoa, afungue ndani ya mwaka mmoja wa ndoa, na akishajua asiendelee kukaa nae kama mke na mume. Akishaendelea, imeondoka hiyo.

Wakati kesi inaendelea

Usikate matumizi. Najua hapa nitachukiwa. Lakini mpaka mahakama iseme vingine wewe ndo baba, na baba asiehudumia anaweza kushtakiwa kwa kutotoa matunzo, utajikuta una kesi mbili, moja unadai na nyingine unadaiwa, na kwa hakimu huyohuyo. Toa, toa kwa njia ya simu ili kuwe na rekodi, na kama unataka andika kwenye maombi yako kwamba unatoa wakati ukisubiri uamuzi. Usimtoe mtoto shule, usimfukuze nyumbani, wala usimwambie. Mtoto wa miaka saba kumwambia "mimi sio babako, kamuulize mamako" halafu majibu yanakuja asilimia 99.99 ni wewe, hilo neno unalirudisha vipi.

Ukishinda, siku hiyohiyo omba nakala ya hukumu na amri iliyogongwa muhuri, usiondoke na maneno ya "njoo wiki ijayo" bila kuandikisha barua ya kuiomba, kwasababu aliyeshindwa ana haki ya rufaa Mahakama Kuu na siku zake zinahesabika kuanzia hapo, na wewe ukishindwa ni hivyohivyo. Amri ndo unaipeleka RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, kwa msajili wa wilaya, kuomba rejista irekebishwe, pamoja na cheti cha zamani. Usikikwangue wala kuandika juu ya cheti, hiyo ni jinai. Ukimaliza RITA pita bima ya afya kama mtoto yupo kwenye wategemezi wako, pita na kwa mwajiri kama ulimjaza kwenye fomu za mafao. Shuleni aende mama yake, ndo mwenye kujua mtoto ataitwa nani kuanzia hapo.